Yaliyopita Yakiwa Ndwele

Katika nyumba zetu ugomvi unapofikia ukingoni hakosi mzee mmoja kukohoa kidogo na kusema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Basi watu hunawa mikono, chakula huletwa, na shauri huishia hapo. Ni methali njema kwa ugomvi wa mbuzi aliyeingia shamba la watu, au wa bwana aliyepotelea njiani siku ya mshahara. Lakini mimi ninaishi katika pembe ya nchi ambamo methali hiyo imepimwa, ikaonekana haitoshi. Hapa kwetu Rusizi yaliyopita ni ndwele hasa. Kwa miaka mingi nimewaona watu wa kawaida, wakulima na wachuuzi, wakijifunza kuiuguza. Leo naomba niwasimulie habari hiyo, hasa ninyi wa makambini na wa vituo vya polisi pamoja na jamaa zenu, kwa kuwa inaanzia pale pale kazi ya sheria inapokoma.

Mimi ni mke wa askari. Nilizaliwa Karagwe, ng'ambo ya mto Kagera, katika nyumba ya wakimbizi waliotoka Rwanda mwaka 1959, na ndiyo sababu Kiswahili kilikuwa lugha yangu ya shule na ya sokoni. Mume wangu asili yake ni huku magharibi. Uhamisho ulipotuleta Kamembe, nilidhani nitakuwa mgeni. Kumbe Kiswahili kilikuwa kimetangulia. Pale ziwa Kivu linapojimwaga katika mto Rusizi, Rwanda iko ukingo huu na mji wa Bukavu uko ukingo ule, na kila asubuhi akina mama huvuka mpaka na beseni za nyanya, nyama na sambaza, wakibishana bei kwa Kiswahili safi na kisicho safi. Mkoa huu uliitwa Cyangugu mpaka mwaka 2006, mikoa ilipopangwa upya na wilaya za Rusizi na Nyamasheke zikachukua nafasi yake. Kanisa Katoliki limelihifadhi jina la zamani: Jimbo la Cyangugu, lililoundwa mwaka 1981, lingali likiitwa hivyo.

Tarehe 7 Aprili 1994 yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kwa muda wa siku zipatazo 100 waliuawa watu zaidi ya milioni moja, kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Huku kwetu watu walikimbilia makanisani, maana katika misukosuko ya miaka ya nyuma nyumba za ibada ziliwahi kuwasitiri. Safari hii kuta hazikuwasitiri. Nyamasheke, Shangi, Mibilizi: ukitaja majina hayo mbele ya mtu mzima wa huku, utamwona akinyamaza. Tena jambo lililo zito kulisema ni kwamba wauaji wengi walikuwa wamebatizwa katika visima vile vile vya ubatizo walivyobatiziwa waliouawa, na walikuwa wakipiga magoti katika mabenchi yale yale. Anayetaka kueleza habari za Wakatoliki na haki katika nchi hii hana budi kuanza na ukweli huo, wala asiupitie pembeni.

Baada ya vita kazi ya kwanza ilikuwa ya sheria. Magereza yalijaa, kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 waliokuwa ndani walizidi 120,000. Mahakama za kawaida zisingewamaliza katika umri wa mwanadamu. Ndipo serikali ikaufufua na kuugeuza utaratibu wa wazee wa kale wa kuamua mashauri nyasini, ikaunda mahakama za gacaca. Zilianza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005, na zikafungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012 zikiwa zimesikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Majaji walikuwa wanakijiji waliochaguliwa na wenzao. Aliyekiri alipunguziwa adhabu, na wengi walimalizia sehemu ya kifungo chao kwa kazi za manufaa ya taifa, kama kuchonga matuta na kutengeneza barabara. Aliyepora mali alitakiwa kuilipa.

Ninyi walinzi wa sheria mnajua vyema kwamba hukumu ni lazima, na pasipo hukumu hakuna nchi. Lakini hebu tuitazame hukumu hiyo kwa jicho la mama wa nyumbani. Tangu mwaka 2003 serikali ilipoanza kuwaachilia kwa makundi makubwa wale waliokiri, mtu alishuka katika lori na furushi lake, akapanda kilima, akarudi kwenye nyumba yake. Nyumba hiyo iko hatua mia mbili kutoka kwa mjane ambaye mumewe aliuawa naye. Wote wawili huteka maji katika chemchemi moja. Watoto wao hukaa dawati moja. Jumapili hukutana mlangoni mwa kanisa moja, na padre akisema, "Tupeane amani," je, mjane yule atatoa mkono wake kwa nani? Hakuna kifungu cha sheria kinachojibu swali hilo. Hakimu amekwisha kufunga jalada na polisi amekwisha kurudi kituoni. Wamebaki wawili wale na kilima chao.

Hapo ndipo anapoingia padre mmoja wa jimbo letu, marehemu Ubald Rugirangoga. Alizaliwa mwaka 1955. Baba yake aliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1960, yeye akiwa bado mtoto. Mwaka 1973, Watutsi walipofukuzwa mashuleni, alikimbilia Burundi, na baadaye akarudi na kupadrishwa mwaka 1984. Mwaka 1994 alikuwa paroko wa Nyamasheke. Yeye aliokoka, mama yake na jamaa zake wengine zaidi ya 80 waliuawa, na waumini wake waliangamia kwa maelfu. Mtu wa namna hiyo angekataa kuonana tena na watu wa kilima kile, nani angethubutu kumlaumu? Lakini yeye alikwenda gerezani, akaonana na mtu aliyekuwa kiongozi wa komine wakati ule, ambaye alihusika na kifo cha mama yake. Alimsamehe, na zaidi ya hayo akachukua mzigo wa masomo ya watoto wa mtu huyo, kwa kuwa baba alikuwa kifungoni na nyumba ilikuwa haina mtu wa kuitegemeza.

Hata hivyo, wasomaji, mtu mmoja mwenye moyo mkubwa hawezi kuwa dawa ya kilima kizima. Wapo watu waliojaliwa, nasi huwastaajabia kisha tukarudi nyumbani tulivyokuwa. Kilichonigusa mimi ni kwamba padre huyu alipohamia parokia ya Mushaka, katika wilaya hii ya Rusizi, hakuishia kuwahubiria watu wasameheane. Yeye na waumini wake walitengeneza utaratibu, wenye muda wake na hatua zake, kama vile tabibu anavyoandika dozi.

Aliyeshiriki mauaji, akiwa amekwisha kukiri mbele ya sheria, na akitaka kurudi katika sakramenti, hakuruhusiwa kupanga foleni ya komunio kana kwamba ametoka safarini. Alikaa kando kwa muda wa miezi sita, akifundishwa pamoja na wenzake. Katika miezi hiyo alitakiwa kumwendea yule aliyemkosea na kuomba msamaha, akilitaja kosa lenyewe kwa jina lake. Waliookoka nao walikuwa na mafundisho yao na watu wa kuwasindikiza, kwa sababu jeraha nalo lahitaji muuguzi. Miezi ikitimia, ilifanyika misa mbele ya parokia nzima. Aliyekosa na aliyekosewa wakasimama pamoja, kila mtu akawaona. Kosa lililotendwa hadharani lilitubiwa hadharani. Kazi kubwa ya katikati ilibebwa na vijumuiya vya majirani ambavyo kwa Kinyarwanda huitwa imiryangoremezo, ndivyo vile vile ambavyo wenzetu wa Tanzania na Kenya huviita jumuiya ndogo ndogo. Hao ndio waliojua nyumba ipi haisalimiani na ipi, na saa gani inafaa kubisha hodi.

Nitawapa mfano wa karibu, kutoka katika ukoo wetu, ingawa si wa Mushaka yenyewe, maana utaratibu huo ulivuka mipaka ya parokia ile ukafika na kwingine. Shangazi ya mume wangu alifiwa na mumewe na watoto wawili. Mmoja wa waliowaua alikuwa jirani. Mtu huyo alipofungwa, mkewe alibaki na watoto, na kila juma alibeba kapu la chakula kichwani kumpelekea gerezani. Kwa miaka kadhaa shangazi na mwanamke yule waliteka maji mahali pamoja bila kupeana hata salamu. Mmoja akifika, mwingine alisubiri juu ya njia mpaka mwenzake aondoke.

Mtu yule alipotoka, siku moja lilikuja kundi la watu hodi hodi, naye akiwa katikati yao. Kiongozi wa kundi akaanza kwa kumwambia shangazi kwamba Mungu anapenda tusamehe, kwa hiyo amsamehe ndugu huyu. Shangazi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Jioni alituambia, "Wameniletea deni lake nililipe mimi."

Maneno hayo nimeyaweka moyoni, na nadhani kila anayejishughulisha na upatanisho angeyaandika ukutani. Msamaha ukidaiwa hugeuka kuwa kodi, tena inatozwa kwa yule yule aliyekwisha kunyang'anywa. Jumuiya ya kilima chake ilitambua hivyo. Wale akina mama wakaacha kumtajia habari ya msamaha. Wakawa wanakwenda kwake kupalilia maharage, wakakaa naye alipougua malaria, na mmoja wa waliokuja kumpikia uji, siku ambayo hakuwa na nguvu ya kumfukuza mtu, alikuwa mke wa mfungwa yule. Ikapita karibu mwaka mmoja. Ndipo shangazi mwenyewe akasema, "Mleteni. Nina maswali matatu."

Alimuuliza: Uliwaweka wapi? Ulikuwa na nani? Mabati ya nyumba yangu yalikwenda kwa nani? Hakuuliza kwa nini. Alisema jibu la swali hilo halipo. Mtu yule alijibu yote matatu, na la kwanza alilijibu kwa kuongoza njia. Mifupa ilitolewa, ikazikwa kwa heshima. Tangu hapo, kila msimu wa kulima, mtu yule na mkewe hulima kipande cha shangazi kabla ya kulima chao. Ukimuuliza shangazi kama amemsamehe, atakujibu kwamba ameanza, na kwamba kazi hiyo haina likizo. Hawakai pamoja wakacheka. Lakini wanasalimiana, na wajukuu wao huchunga mbuzi pamoja, na usiku shangazi hulala mlango ukiwa na komeo moja badala ya matatu.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo haki ya jamii inapoondoka katika vitabu na kuingia jikoni. Haikuichukua kazi ya mahakama, kwani mtu yule alitumikia kifungo chake kama sheria ilivyoamuru. Wala haikumtaka mfiwa asahau. Wazee wana methali nyingine, mficha maradhi kifo humuumbua, na nadhani hiyo ndiyo iliyofuatwa huku: ndwele ikatolewa nje, ikatajwa, ikapewa muda, ikauguzwa na mikono mingi.

Msomaji makini ataniuliza: na Kanisa lenyewe, lililowataka watu wake wakiri, lilikiri? Swali ni la haki. Kuelekea Jubilei ya mwaka 2000, iliyokuwa pia miaka 100 tangu misheni ya kwanza ya Kikatoliki ifunguliwe nchini, majimbo yaliendesha sinodi za pekee ambamo waumini walizungumza wazi habari za ukabila, na mikutano hiyo ikaitwa gacaca ya Kikristo. Tarehe 20 Novemba 2016 lilisomwa makanisani tamko la maaskofu la kuomba radhi kwa ajili ya Wakristo walioshiriki mauaji. Serikali ilijibu kwamba tamko hilo halikutosha. Tarehe 20 Machi 2017, alipokutana na Rais Paul Kagame huko Vatikano, Papa Francis aliomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya dhambi na makosa ya Kanisa na watu wake, wakiwemo mapadre na watawa. Ukiangalia tarehe hizo utaona jambo la kutafakari: wakulima wa Mushaka walikwisha kupiga magoti mbele ya majirani zao kabla wakubwa hawajafika huko. Katika jambo hili kilima kilitangulia, ikulu na maaskofu wakafuata.

Na kilichoanzia kilimani kilipanda. Tume za Haki na Amani za majimbo zimeingiza mafundisho ya namna hii magerezani, ili mtu aanze kujitayarisha akiwa bado ndani, na familia iliyokosewa nayo itayarishwe nje. Mwaka 2015 padre Ubald alitunukiwa nishani ya taifa ya walinzi wa agano, Abarinzi b'Igihango. Alifariki tarehe 7 Januari 2021 huko Marekani kwa matatizo yaliyotokana na UVIKO, na akazikwa huku kwao Rusizi, katika kituo alichokijenga ukingoni mwa ziwa Kivu na kukiita Siri ya Amani.

Yeye amepumzika, kazi haijapumzika. Hesabu ni rahisi. Wale waliopewa vifungo virefu, vya miaka 20, 25 na 30, ndio wanaomaliza katika miaka hii. Wanatoka wazee, wengine wakongwe. Wanawakuta watoto waliowaacha mgongoni sasa wana watoto wao. Wanaikuta pia ile nyumba ya jirani, na ndani yake yuko mtu ambaye hakusahau. Baadhi yao waliokiri ili wapunguziwe adhabu hawajawahi kumtazama mfiwa usoni. Kwa hiyo msidhani nimewaletea hadithi ya zamani. Kila mwezi lori hushusha mtu mahali fulani, na kilima hicho kina jumuiya iliyojitayarisha, ama hakina.

Ndipo nawageukia ninyi, ndugu zangu mnaovaa sare. Mnajua wenyewe kwamba baada ya mwaka 1994 jeshi la taifa liliwapokea maelfu ya askari waliokuwa upande wa pili, wakala sahani moja na waliokuwa wakirushiana risasi. Haikutosha amri, walikaa, wakafundishwa, wakazoeana, kisha wakapewa zamu pamoja. Basi msione ajabu kuwa raia nao wanahitaji muda na utaratibu. Polisi aliye kituoni akijua kwamba fulani anatoka juma lijalo, asingoje ugomvi. Na apite kwanza kwa aliyeokoka amwambie kwa upole, asije akakutana naye njiani bila kujua. Na apite kwa aliyetoka amweleze mipaka yake. Tishio lolote dhidi ya mfiwa lisichukuliwe kuwa maneno ya pombe. Na mawe yakirushwa juu ya paa la aliyetumikia adhabu yake, hilo nalo ni kosa.

Nasi akina mama wa makambini tunayo sehemu yetu, maana sumu nyingi hupikwa jikoni. Mtoto wa aliyeua hakuua. Tusimwambie mtoto wetu asicheze naye, na mtoto akituuliza yaliyotokea tumwambie ukweli kwa kadiri ya umri wake, bila kupunguza na bila kutia chuki. Mjane asiye na mtu tusimwendee na mawaidha. Tumwendee na jembe, au kibuyu cha maziwa, au nafasi ya kukaa naye kimya. Kama siku moja atataka kuuliza maswali yake matatu, awe na mtu wa kukaa kando yake.

Wakatoliki wa Mushaka hawakuwa na fedha wala vyeo. Walikuwa na benchi la kanisa lililokuwa haliketiki, wakaamua kulitengeneza. Kila kilima, kila kambi na kila mtaa una benchi la namna hiyo. Wewe msomaji unalijua la kwenu liko wapi, na unawajua wawili wasioweza kuliketia pamoja. Anza kwa kuwatembelea, mmoja mmoja.